Fundo la Upande wa Ndani

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Fundi magodoro alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya karakana yake, miguu ameinyoosha, shazia, ile sindano ndefu ya magodoro, mkononi, anafunga mdomo wa godoro la mteja. Sufi ilikuwa imemjaa kwenye nyusi na kwenye matundu ya pua. Kazi hiyo haina namna. Ukiifanya siku nzima, jioni unapiga chafya nyeupe. Mteja mwenyewe, mama mmoja mwenye haraka zake, alikuwa amemsimamia kichwani.

"Fundi, mbona hilo fundo umeliacha nje? Litanikwaruza."

"Liko upande wa miguuni, mama, wala hutalihisi. Halafu fundo la mwisho lazima likae nje. Ningelifungia ndani, si ingebidi na mimi nibaki humo humo?"

Mama akacheka. Wateja wote walicheka. Ule ulikuwa utani wa Fundi tangu alipojifunza kazi, na ulikuwa na ukweli wake. Ukishona godoro, fundo la kwanza unalificha ndani, kwa sababu mdomo bado uko wazi na mkono unaingia. Ukifika mwisho, mdomo umeshafumba. Mkono uko nje, shazia iko nje, na fundo, utake usitake, litakaa nje. Hakuna fundi anayeweza kufanya vingine, awe bingwa namna gani.

Basi, mama wa watu akiwa bado anacheka, akapita mdogo wake Fundi na ndoo zake za rangi, anaelekea kazini. Huyu alikuwa mchora mabango, na mtaa mzima ulimwita Sabuni. Jina hilo hakulipata kwa mzaha. Alikuwa anaoga mara tatu kwa siku, anapiga pasi hadi soksi, na akishika brashi hadondoshi tone moja kwenye kiatu. Wanawake wa mtaani walikuwa wakimtaja kwa waume zao kama mfano. Sabuni alisimama mlangoni mwa karakana, akakunja uso.

"Dada, humu mna nini kimeoza?"

Fundi akanusa. Vumbi na sufi, basi. Mteja naye akanusa, akatikisa kichwa. Hata hivyo, kwa kumheshimu kijana wa watu na pua yake, walisogeza magunia yote, wakachungulia nyuma ya kabati, wakatafuta panya aliyekufa. Hapakuwa na panya. Sabuni akaondoka amejiziba pua kwa kiganja, na alipofika kwenye kona akatema mate.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kwa harufu ambayo haikuwepo.

Mwanzoni waliona ni udhia tu. Sabuni alinusa uozo kwenye chai, kwenye shati lililotoka kufuliwa, kwenye nywele za mama yake mzazi. Akawa anaoga mara nne, mara tano, mpaka mama yake akamwambia ataotesha magamba kama samaki. Kisha siku moja akaacha kuoga. Ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Alipoulizwa akasema maji wameshayatia mkono.

"Nani wameyatia mkono?"

"Wao."

Aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili, na midomo ikacheza kidogo. Alikuwa anajibu mtu.

Halafu mabango. Muuza nyama wa pale sokoni alimpa kazi ya kuandika NYAMA SAFI. Sabuni alichora herufi nzuri, nyekundu, zimenyooka kama kawaida yake, akaandika: NYAMA SAFI INASIKIA. Wateja walicheka siku ya kwanza. Siku ya pili wakaanza kununua kwingine. Kwa msusi aliandika KARIBU KARIBU WAMEKARIBIA, na msusi akalipaka chokaa bango zima kabla jua halijatua. Ukimuuliza alimaanisha nini, alianza na rangi, akarukia mvua, akaishia kwenye jino la mtu fulani, na kila neno lilikuwa neno halali ila yakikaa pamoja hayakuwa na maana yoyote. Alisema redio ya dukani inatangaza mawazo yake. "Nikiwaza kitu, Dada, hakijaisha kichwani, redio imeshakisema." Alisema wapita njia wanaokohoa wanapeana ishara juu yake. Na uso wake, ule uso uliokuwa mwepesi wa kucheka, ukazima. Mama yake alijimwagia maji ya moto mguuni akapiga ukelele wa kufa. Sabuni alimtazama kama anatazama ukuta, akaendelea kutafuna mkate. Kuna asubuhi alisimama uani mkono ameuinua, kama ameshika brashi, akakaa hivyo mpaka inzi wakamzoea.

Inzi, naam. Tuseme ukweli ulivyo, na aliye na chakula mbele yake akiweke pembeni. Sabuni alinuka. Kola ya shati iliota utando wa kahawia kama chini ya kikaango. Meno yakavaa ukoko wa njano. Kucha zikajipinda zikashika mabaki ya kila alichokigusa, na nywele zikagandamana zikawa kitu kimoja, na ndani ya kitu hicho mlikuwa na vinavyotembea. Fundi alipokaa naye alikuwa anabana pumzi. Alimpenda mdogo wake kuliko macho yake mawili, na alimwonea kinyaa, na hayo mawili yalikaa kifuani mwake pamoja, hayapatani. Usiku alilia kwa aibu. Asubuhi alibana pumzi tena.

Siku moja mchana, jua limewaka, Sabuni alimvuta mkono.

"Yumo ndani," akanong'ona.

"Ndani ya nini?"

"Godoro."

Godoro lenyewe Fundi alilishona kwa mkono wake, zawadi kwa mdogo wake alipoanza kazi. Kitambaa kipya cha mistari ya bluu, sufi mpya aliyoichambua mwenyewe mbegu moja moja.

"Nani yumo?"

"Mwanamke. Anashona. Nausikia uzi ukipita kwenye kitambaa. Akichoka kushona ananitukana. Halafu ananuka, Dada. Harufu yote ni yake."

Wengine wangemkemea. Mama yake alishamkemea, shangazi yake alishamwombea kwa sauti ya juu mpaka majirani wakachungulia. Fundi alifanya analolijua. Alilibeba godoro mpaka uani, akalilaza juani, akachukua wembe, akafumua mshono wa miguuni wote. Akampisha.

"Ingiza mkono mwenyewe."

Sabuni akaingiza mkono mpaka kwapani. Akapapasa. Akaingiza na wa pili, halafu akatia na uso, akatoka na sufi imemganda kwenye mashavu machafu.

"Hakuna mtu," akasema Fundi polepole. "Umeona? Ni sufi tu."

"Ni sufi tu." Akamtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kulikuwa na mtu ndani ya macho yale. "Wewe hunidanganyi."

"Sikudanganyi, mdogo wangu."

"Wao wote wanatia vitu kwenye chakula. Wewe hapana."

Fundi akalishona godoro upya, na tangu siku hiyo Sabuni hakula kwa mtu mwingine. Mama akimpa uji, anaumwaga. Shangazi akimletea mkate, anaukanyaga. Fundi akimpelekea kijiko mdomoni, anafungua mdomo kama kinda. Uhai wa Sabuni ukawa umening'inia kwenye mkono mmoja, mkono wa Fundi, na kila mtu mle ndani alilijua hilo.

Fundi akasema, sasa twende hospitali.

"Hospitali!" Shangazi akapiga makofi ya mshangao. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba yao, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kutiiwa. "Wampige sindano alale kama gunia? Mtaa mzima ujue kwamba nyumba hii ina kichaa? Wewe hujaolewa, mwanangu, hilo umelifikiria? Hicho kitu kimetumwa. Kilichotumwa hakitolewi kwa vidonge."

Na keshoye akamleta Mtaalamu.

Ukitegemea mzee mwenye mavazi ya kutisha umekosea. Alikuwa mwanamume wa makamo, mchangamfu, shati jeupe limepigwa pasi. Ila mikono. Mikono yake ilikuwa na unyevunyevu, laini, na akikusalimia unabaki unatafuta pa kujifutia. Alikaa mbele ya Sabuni, akamshika kichwa, akatoa ulimi, akamlamba paji la uso. Taratibu, kutoka nyusi mpaka kwenye nywele zile. Akameza.

"Kike hiki," akasema, kama mtu anayeonja mchuzi. "Kina njaa."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Fundi alihisi mate yamemjaa mdomoni, akayazuia yasitoke. Mtaalamu akachukua pembe, akaibandika kwenye kisogo cha Sabuni, akafyonza kwa kelele, akageuka akatema kwenye bakuli. Donge la nywele lililoshikana kwa mafuta. Jino la mnyama. Na kitu chembamba cheupe kilichokuwa bado kinajikunja. Shangazi akashangilia. Lakini Fundi alikuwa amekaa ubavuni, na Fundi ana macho ya kutazama mshono. Aliliona shavu la yule mtu limetuna kabla hata hajainama.

"Mama," akanong'ona. "Alikuwa nacho mdomoni."

"Nyamaza."

"Mama, nimeona."

"Nyamaza, nimesema."

Sabuni muda wote huo hakutikisika. Aliacha alambwe, afyonzwe, kama ni kichwa cha mtu mwingine.

Kisha Mtaalamu akatayarisha dawa hapo hapo mbele yao. Matumbo ya kuku, hayajaoshwa, na vilivyomo vikiwemo. Kipande cha mafuta kilichogeuka rangi. Kishungi cha nywele za Sabuni. Akatemea mate yake mwenyewe mara kadhaa, akaviringisha vyote kwenye kitambaa cheupe, akafunga. Majimaji yakaanza kupenya mara ile ile.

"Kilichomo kwenye godoro kikipata chakula chake, kitamwachia. Na fundi tunaye humu humu nyumbani. Kishonwe ndani. Mgonjwa asijue."

Fundi akasimama. "Mimi? Nimemfumulia mwenyewe akaona hamna kitu. Nimwekee kitu leo?"

Mama yake akateremka kitini. Mama mzazi, na mguu wake wenye kidonda cha moto, akapiga magoti mbele ya mtoto aliyemzaa, akamshika miguu. Wewe ungefanyaje? Fundi alimwinua mama yake haraka haraka, na alipomaliza kumwinua alikuwa ameshakubali.

Shangazi akamtoa Sabuni nje, akamkalisha barazani. Fundi akafumua mshono wa miguuni. Akakishika kile kifurushi kwa ncha za vidole, kingali na uvuguvugu, kikamlowesha mpaka kwenye mkunjo wa kiganja, akakisukuma katikati ya sufi ile nyeupe aliyoichambua mwenyewe. Akafunga mdomo wa godoro. Fundo la kwanza ndani. Mishono myembamba, ya haraka. Mwisho akapiga fundo lake, mara mbili, akauacha mkia wa uzi nje kidogo kama desturi yake, akaukata kwa meno. Aliosha mikono kwa majivu, kwa sabuni, kwa majivu tena.

Siku chache hazikupita, nyumba ikaanza kunuka. Safari hii haikuwa harufu ya kichwani mwa mtu. Ilikuwa harufu ya kweli, nzito, tamu kidogo, inayokaa kwenye ulimi. Majirani wakafunga madirisha. Doa likatokea kwenye mistari ya bluu, likapanuka, pembezoni limekuwa la kijani. Kisha wakaja funza. Walitoka kwenye mshono mmoja mmoja, wanene, wanaanguka sakafuni, na mama alikuwa anawafagia kila asubuhi huku anatapika.

Na Sabuni alikuwa analala hapo hapo. Hakukubali kuhama.

"Nikilala juu yake hawezi kutoka," alisema.

Fundi alitaka kulifumua siku ile ile. Shangazi akamzuia mlangoni: ukikitoa kabla hakijashiba, mgonjwa anakufa, na damu yake itakuwa mikononi mwako. Fundi akarudi nyuma. Akaenda jikoni, akakoroga uji, akambania pumzi mdogo wake kama siku zote, akampelekea kijiko.

Mdomo haukufunguka.

Alisogeza kijiko. Sabuni alikuwa amelala ubavu, sikio limebanwa kwenye godoro, macho yamemkazia. Funza mmoja alikuwa anatambaa kwenye shavu lake, na hakumfuta.

"Anatafuna," akanong'ona.

"Kula kidogo, mdogo wangu."

"Umemletea chakula."

Uji ukamwagika kwenye kanga ya Fundi.

"Amesema asante," akasema Sabuni. "Amesema wewe ndiye fundi wake."

Hakula siku hiyo. Hakula iliyofuata. Mkono pekee aliokuwa akiuamini ulikuwa umekwisha, na waliumaliza wenyewe. Mbavu zikahesabika. Alikuwa amelala pale, anaongea na kitambaa, anacheka pasipo uso kucheka. Mara anatukanwa, unaona anavyojikunyata. Mara anaamrishwa, unaona anavyotikisa kichwa kukataa.

Kisha kuna amri aliyoitii.

Ilikuwa mchana kweupe. Fundi alitoka karakana kuja kujaribu kumpa maji, akasikia uani sauti ya kusugua. Kwaru, kwaru, kwaru. Sabuni alikuwa amechuchumaa uchi, kando yake kopo la thina, yale maji makali ya kuoshea brashi za rangi, na mkononi ameshika brashi ya waya. Alikuwa anajisugua. Alikuwa amejisugua kifua, tumbo, mapaja. Ngozi ilikuwa imetoka imejikunja kama rangi ya zamani inavyobanduka ukutani, na chini yake pekundu palikuwa panang'aa majimaji, na inzi wote wa nyumba ile walikuwa wameshafika.

Alimtazama dada yake kwa uso usio na maumivu hata kidogo.

"Harufu haitoki," akasema.

Fundi hakumwita mama. Hakumwita Shangazi. Alikimbilia karakanani akarudi na kitambaa kipya cha godoro, akakilowesha maji safi, akamviringisha mdogo wake mzima mzima, akambeba. Alikuwa mwepesi kama mto wa kulalia. Aliyesimamisha gari alikuwa muuza nyama, yule wa bango. Gari lake lilikuwa na damu ya asubuhi sakafuni na kulabu zinagongana juu, na Sabuni alilazwa chini ya kulabu zile. Shangazi alitokea mlangoni anapiga kelele. Muuza nyama akamwambia kitu kimoja tu, "Mama, toka njiani," akaondoa gari.

Hospitali walimtibu vidonda kwanza. Siku ya tatu akaja daktari wa wodi ya akili, mwanamke mwenye sauti ya chini, akavuta kiti karibu na Fundi. Aliuliza taratibu. Anasikia sauti? Ananusa visivyokuwepo? Anaamini watu wanasoma mawazo yake? Maneno yake yanarukaruka? Ameacha kuoga, ameacha kazi, uso umekufa, anaganda mahali pamoja? Kila swali Fundi alisema ndiyo, na kila ndiyo ilimtoka kwa sauti ndogo zaidi, maana yule mwanamke hajawahi kufika kwao na alikuwa anawasimulia nyumba yao.

"Ugonjwa wake unaitwa skizofrenia," daktari akasema. "Ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo unamletea sauti, naye anazisikia kweli. Unamletea harufu, naye anainusa kweli. Huwapata vijana kama huyu, na haukuletwa na mtu. Tuna dawa. Si ya siku mbili, atahitaji kuimeza muda mrefu, na atahitaji mtu anayemwamini wa kumsimamia. Nani anamwamini?"

Hapo Fundi akavunjika. Akasema yote. Pembe, ulimi, kifurushi, mshono.

Daktari hakumkaripia, na afadhali angemkaripia.

"Kwa hiyo alikuwa anaona kitu ambacho hakipo," akasema, "nanyi mkaenda mkakiweka."

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Kaliondoe hilo godoro. Asirudi akalikuta. Na akikuuliza, ajue kwamba hakuna mtu mle. Akiamini kwamba kulikuwa na mtu, hatameza hata kidonge kimoja."

Mchana huo huo Fundi akarudi nyumbani. Alijifunga kitambaa puani, akaingia chumbani kwa Sabuni, akalikamata godoro kwa pembe zake.

Akasimama.

Halikuwa linanuka.

Akashusha kitambaa, akanusa. Hakuna. Doa lipo, limekauka. Funza hakuna, hata mmoja. Alijipa moyo kwamba uchafu nao hufika mwisho, ukakauka, ukaisha. Akaliburuta mpaka uani, akalilaza juani pale pale alipolifumulia mara ya kwanza. Akachukua wembe, akainama upande wa miguuni, akalitafuta fundo lake alikate.

Halikuwepo.

Akapitisha kidole kwenye mshono. Mwanzo mpaka mwisho. Akarudia. Mkia wa uzi haukuwepo. Mshono ulikuwa umefumba vizuri, mwembamba, sawasawa, hauna fundo. Na mshono usio na fundo unafumuka, kila mtu aliyeshika sindano anajua. Huu haukufumuka. Ulikuwa umekaza.

Akakata uzi mmoja katikati. Akafunua.

Fundo la kwanza lilikuwa ndani. Hilo ni lake. Akafuata mshono kwa vidole mpaka ncha ya pili. Hapo akashika kitu kidogo, kigumu. Akageuza kitambaa.

Fundo la mwisho lilikuwa ndani. Limepigwa mara mbili. Mkia wake wa uzi umelala juu ya sufi, na ncha yake ilikuwa imepondeka. Ilikatwa kwa meno.

Fundi hakupiga kelele. Aliingiza mkono, hakujua kwa nini, ukaingia mpaka kwapani. Sufi ilikuwa ya uvuguvugu, na katikati yake palikuwa na shimo, limebonyea kama pale mtu anapokuwa amejikunja amelala ubavu. Mwishoni mwa shimo akakigusa kile kitambaa cheupe. Akakitoa. Hakikuwa na utumbo. Hakikuwa na mafuta, wala nywele. Hakikuwa na hata doa. Kilikuwa kimekunjwa vizuri, mara nne, na kilikuwa na unyevunyevu wa kulambwa.

Hapo ndipo alipotapika. Alitapika mpaka akabaki anatapika hewa.

Mama yake akatoka jikoni anachechemea. Fundi akamwonyesha.

"Si fundo tu hilo?" mama akasema.

"Liko ndani, mama."

"Basi likiwa ndani?"

Fundi akamtazama mama yake, akaelewa kwamba hakuna wa kumwambia. Mtu wa kawaida anaona fundo. Pale palihitaji fundi. Alimwaga mafuta ya taa, akachoma kitambaa, akachoma sufi, akachoma na wembe. Alisimama juu ya moto mpaka ukawa majivu. Lile fundo tu alilikata kabla, pamoja na kipande chake cha kitambaa cha mistari, akalitia mfukoni mwa aproni. Hakutaka kuja kujiambia siku moja kwamba hakuliona.

Wiki zilipita. Dawa zikaanza kufanya kazi, si kama miujiza, ila kama mvua inavyoacha kidogo kidogo. Sauti zikawa mbali. Sabuni alikubali kuoshwa, halafu akaoga mwenyewe, halafu akaomba kiwembe anyoe. Mikono ilikuwa inamtetemeka na alikuwa anachoka upesi, lakini siku moja muuza nyama alikuja kumwona akamtania kwamba nyama yake bado inasikia, na Sabuni akatabasamu. Kidogo. Upande mmoja. Fundi alitoka nje kwenda kulia.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki. Kula alikuwa anakula kwa manesi, kwa shida. Kwa dada yake, hapana. Fundi alikuja kila mchana na uji, na kila mchana akarudi nao.

Siku moja Fundi alikaa kitandani kwa Sabuni, akafungua chupa ya uji, akamimina. Sabuni alimtazama sana.

"Dada. Lile godoro."

"Nililichoma."

"Ulilifumua kwanza?"

"Nililifumua."

"Kulikuwa na uchafu mle," akasema polepole. "Ule mliouweka. Daktari ameniambia."

"Tuliuweka sisi. Mimi ndiye niliyeushona, na nilikosa. Nisamehe, mdogo wangu."

Nje ya dirisha mtu alikohoa, na Sabuni hakugeuka.

"Na yeye?" akanong'ona. "Uliangalia vizuri? Wewe ni fundi. Ungejua."

Fundi alikuwa na mkono mmoja kwenye kijiko. Mwingine ulikuwa umeingia mfukoni mwa aproni bila yeye kuutuma, na kidole gumba kilikuwa kinapapasa kitu kidogo, kigumu, kilichopigwa mara mbili. Alikuwa amekileta hapo kimekauka. Sasa kilikuwa na unyevunyevu.

"Niliangalia mshono wote," akasema. "Hakuna mtu. Ilikuwa sufi tu."

Sabuni akamtazama machoni muda mrefu, kama siku ile uani.

"Wewe hunidanganyi," akasema.

Akafungua mdomo.